Rubani wa Jeshi Hafiki Anga za Juu kwa Kuendelea Kupanda

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa PCM. Juzi jioni, tukiwa barazani tunachambua maharage, alinitajia mpango wake wa maisha kama konda anavyotaja vituo. Kwanza JKT kwa mujibu wa sheria. Halafu kuomba nafasi jeshini. Halafu Monduli, chuo cha maofisa. Halafu urubani wa ndege za kivita. Halafu anga za juu. Tengeru, Usa, Kikatiti, mwisho wa gari.

"Si wanaanga wengi walikuwa marubani wa jeshi, anko? Unarusha ndege, unapanda, unaendelea kupanda."

Sikumcheka. Nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu nyingine inawachanganya hata watu wenye mvi. Jibu nililompa pale barazani lilikuwa la kuungaunga, kwa hiyo naliandika upya hapa nikiwa nimetulia.

Tuanze na huko kupanda. Sisi wa Arusha na Moshi tumekulia chini ya milima, na mtu akisema "juu" akili inakwenda Kibo moja kwa moja. Ndege ya kivita ikijitahidi sana inafika kilomita 15 au 18 kutoka usawa wa bahari. Kituo cha kimataifa cha anga za juu kiko kilomita 400 hivi, karibu sawa na barabara ya kutoka hapa hadi Dodoma. Ungedhani kilichopungua ni hizo kilomita tu. Lakini ukirusha kitu wima hadi kilomita 400 bila kukipa mwendo wa pembeni, kitarudi kuanguka. Kinachokiweka kituo kule ni kasi, kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo Arusha hadi Moshi ni sekunde kumi na kidogo. Konda hajafungua hata mdomo kudai nauli. Kituo kinaanguka muda wote, ila kila kinapoanguka dunia nayo inajipinda chini yake, kikaikosa ardhi, na mzunguko mmoja unakwisha kwa kama dakika 90.

Ndiyo maana mkono wa rubani, ule unaosifiwa vijiweni, kule unaweza hata kumponza mwenyewe. Juni 1965 James McDivitt, rubani wa majaribio wa jeshi la anga la Marekani, alikuwa ndani ya chombo cha Gemini 4 akajaribu kukisogelea kipande cha roketi yake kilichokuwa kikielea jirani. Alifanya ambacho rubani yeyote angefanya: akaelekeza pua, akaongeza msukumo. Kipande kikazidi kumkimbia. Kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ukiongeza kasi unasukumwa kwenye njia ya juu zaidi, na njia ya juu ni ndefu na mwendo wake ni wa polepole, kwa hiyo unaachwa. Ukitaka kumfikia aliye mbele yako unapunguza kwanza, unashuka, unamkaribia kwa chini, ndipo unapanda. Mwambie hivyo dereva wa Noah, atakuona umelewa. McDivitt ilibidi aache kabla mafuta hayajamwishia. Buzz Aldrin, aliyeruka misheni 66 za kivita Korea, jambo hilohilo alilisomea darasani hadi akapata shahada ya udaktari mwaka 1963, miezi michache kabla ya kuchaguliwa kuwa mwanaanga.

Basi kama urushaji wenyewe hauhamishiki hivyo, kwa nini mlango ulifunguliwa kwa wanajeshi kwanza?

Sababu ya kwanza haina ushujaa wowote: mafaili. Mwishoni mwa 1958 NASA ilikuwa shirika changa la anga za juu la Marekani lililofikiria kutangaza nafasi kwa umma. Rais Eisenhower akaamua watu wachukuliwe miongoni mwa marubani wa majaribio wa jeshi. Hao walikuwa wamekwisha kula kiapo cha kutunza siri, afya zao zinajulikana, saa zao za kuruka zimeandikwa, na wakiitwa Washington wanakuja bila kuuliza posho. Yakapitiwa mafaili 508. Waliotimiza masharti walikuwa 110: umri chini ya miaka 40, kimo kisichozidi futi 5 na inchi 11 ili waenee kwenye kile chombo kidogo, shahada au elimu inayolingana nayo, cheti cha shule ya marubani wa majaribio, na saa 1,500 za kuruka. Aprili 1959 wakatangazwa saba.

Wasovieti nao walichukua marubani wa jeshi, 20, mwaka 1960, lakini walikuwa wanatafuta mtu mwingine kabisa. Yuri Gagarin aliporuka tarehe 12 Aprili 1961 alikuwa na miaka 27, luteni, na saa zake za kuruka hazikufika 300. Vostok ilijiendesha. Vidhibiti vya mkono vilifungwa kwa namba ya siri iliyowekwa kwenye bahasha, maana madaktari hawakujua akili ya binadamu ingefanya nini mwili ukikosa uzito. Namba yenyewe ilikuwa 125, na Gagarin alikuwa amekwisha kunong'onezwa kabla hajaondoka. Siri ya watu wawili hiyo, ya tatu si siri. Kwa hiyo neno "rubani wa jeshi" lilikuwa na maana mbili tangu mwanzo. Moscow ilitaka kijana mwenye afya, utulivu na utii. Washington ilitaka mtu mzima anayeweza kubishana na mtambo.

Naomba nichepuke kidogo kwenda Unguja. Mradi wa hao saba, Mercury, ulihitaji vituo vya redio kuzunguka dunia ili rubani asipotee masikioni mwa walio chini, na kimoja kilijengwa Zanzibar. John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alipita juu ya bahari yetu na kuzungumza na Zanzibar. Vituo vya aina ile vilisoma hadi mapigo ya moyo wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa. Huwa nashangaa jambo hili halimo kwenye hadithi tunazowasimulia watoto.

Turudi kwenye kubishana na mtambo, kwa sababu hapo ndipo penye kiini.

Unga Limited kuna gereji ninayopeleka gari langu. Land Cruiser za utalii zikirudi kutoka Serengeti zimechoka, zinashushwa injini, zinarudishiwa, na kabla mwenye gari hajapigiwa simu, fundi mkubwa wa pale analitoa gari mwenyewe mpaka Kisongo, njia ya Monduli. Nimewahi kupanda naye. Redio anazima. Juu ya dashibodi anaweka kipande cha boksi na kalamu. Spidi 60, usukani kwa vidole viwili. Spidi 80, anauachia kidogo. Anafunga breki mahali pasipo na sababu yoyote, na mimi nashika mlango. Anaandika: "80 mtikisiko, kulia mbele." Kisha anageuza na kurudia 80 ileile, kwa sababu mara moja si ushahidi. Dereva wa watalii atakayekuja kulichukua gari lile pengine ni hodari kuliko yeye, analipita tope la Ndutu huku anapiga stori na wageni. Lakini kazi ya dereva ni kufika. Kazi ya mzee huyu ni kulichokoza gari mpaka liseme linaumwa wapi, na kurudi na maandishi.

Rubani wa kivita ni yule dereva. Rubani wa majaribio ni mzee wa boksi. Kumtoa mtu kutoka ule udereva kwenda huu wa pili ndiko kunakofanywa na shule zao: Edwards na Patuxent River kule Marekani, Boscombe Down Uingereza, Istres Ufaransa. Anayekwenda huko tayari ana miaka kadhaa kikosini na mamia ya saa za kuruka. Anakaa karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo ni uhandisi, hesabu na kuandika ripoti. Mpwa wangu hapo uso ulimshuka. Alidhani hesabu anaziacha kidato cha sita.

Sasa angalia mzee wa boksi anavyofanya kazi kilomita 300 juu. Tarehe 16 Machi 1966, Neil Armstrong na David Scott walikiunganisha chombo chao, Gemini 8, na chombo kingine kisicho na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza vyombo viwili kuunganishwa angani. Hazikupita dakika 30, vyombo vikaanza kubingirika. Wote wawili wakashuku kile chombo cha pili, wakajitenga nacho. Kubingirika kukazidi. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwao: kijiroketi kimoja cha kuwaelekeza kilikuwa kimeganda kikiwa wazi. Bila uzito wa yule mwenzake chombo kikazunguka karibu mara moja kwa kila sekunde, macho yakaanza kuwapoteza. Armstrong akazima mfumo mzima wa vijiroketi hivyo na kuwasha mwingine, uliowekwa kwa ajili ya kurudi duniani tu. Chombo kikatulia. Ila mafuta ya kurudia yalikuwa yamekwisha kuliwa sehemu kubwa, na kanuni ikasema rudini sasa hivi. Wakatua Pasifiki saa kumi na kidogo baada ya kuondoka, safari iliyopangwa siku tatu.

Watu husema alikuwa na bahati au moyo wa chuma. Mimi naona boksi. Alitenga tatizo, akakubali kwamba dhana yake ya kwanza ilikuwa ya makosa, akalipa gharama aliyoijua. Wakati huo Armstrong alikuwa amekwisha kuvua sare. Alikuwa rubani wa jeshi la majini vitani Korea, akatoka, akawa rubani wa majaribio wa kiraia. Kilichomvusha kwenda mwezini mwaka 1969 hakikuwa cheo.

Mwili nao una sehemu yake, na hapa wapagazi na waongoza wageni wa Kilimanjaro wanaijua nusu ya somo bila kuingia darasani. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga. Pale Kibo Hut, kabla ya kuanza kupanda usiku wa manane, mwongozaji anambana mgeni kidole kwa kile kipimo cha oksijeni, halafu anamuuliza vitu vya kipuuzi: mtoto wako wa kwanza anaitwa nani? Hana haja na mtoto. Anasikiliza jibu linavyotoka, maana anayepungukiwa oksijeni hujiona mzima, tena ana furaha. Marubani wa jeshi hufanyiwa hivyo hivyo ndani ya chumba cha chuma kinachopunguzwa hewa. Barakoa inavuliwa, wanapewa hesabu nyepesi za kutoa, na mwandiko unaanza kwenda upogo. Lengo ni kila mtu azijue dalili zake mwenyewe. Huyu ganzi ya vidole, yule kicheko. Tofauti ni kwamba mlimani kuna pole pole. Rubani kwenye kilomita 12, oksijeni ikikatika, ana nusu dakika au pungufu ya akili timamu. Ikifika kilomita 19 hivi hewa inakuwa nyepesi hadi maji yanachemka kwa joto la mwili wa mtu. Mpaka huo unaitwa wa Armstrong, lakini ni Harry Armstrong, daktari wa jeshi, hana udugu na hadithi yetu.

Kwenye kona kali ya ndege ya kivita mtu anazidishiwa uzito wake hadi mara tisa, damu inakimbilia miguuni, macho yanaona giza. Wanavaa suruali inayojaa hewa na kubana mapaja ili damu ibaki kichwani. Mwanaanga anarushwa akiwa amelala chali, uzito unamjia kifuani, na Space Shuttle, chombo cha NASA kilichopanda kama roketi na kutua kama ndege, haikuzidisha mara tatu. Kwa hilo rubani wa kivita amekwisha kuona makubwa zaidi. Lakini hakuna kikosi cha jeshi kinachomzoeza mtu miezi sita bila uzito, mifupa ikipungua kama asilimia 1 kila mwezi, na saa mbili kila siku za mazoezi. Hapo rubani na daktari wa kiraia wanaanza wote darasa la kwanza.

Space Shuttle ndiyo iliyolipasua neno "rubani" mara ya pili. Tangu kundi la 1978 NASA ilichukua watu wa aina mbili: marubani wa kukaa viti vya mbele, na wataalamu wa misheni, yaani madaktari, wahandisi, wanafizikia. Viti vya mbele vilibaki karibu vyote kwa watu wa jeshi, na sababu ilikuwa kutua. Ndege ya abiria inashuka KIA kwa mteremko wa nyuzi 3. Shuttle ilishuka kwa nyuzi kama 20, bila injini, na kugusa ardhi kwa kasi ya kilomita 350 hivi kwa saa. Njia ya Florida ilikuwa na urefu wa kilomita 4.6, ile ya KIA ni 3.6. Hakuna kuzunguka tena ukikosea. Kamanda alilifanyia zoezi hilo mara 1,000 na zaidi kwenye ndege ndogo iliyorekebishwa ili ianguke vibaya kama Shuttle yenyewe.

Guion Bluford anaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kupindana. Alikuwa rubani wa kivita mwenye misheni 144 Vietnam, lakini alipokuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, Agosti 1983, alikaa kama mtaalamu wa misheni. Udaktari wake wa uhandisi wa anga ndio uliomwingiza. Charles Bolden, wa kikosi cha Marines, ndiye aliyepita njia anayoitaka mpwa wangu karibu neno kwa neno: Vietnam misheni zaidi ya 100, shule ya majaribio, kuchaguliwa 1980. Alitua kutoka safari yake ya kwanza tarehe 18 Januari 1986. Siku kumi baadaye Shuttle nyingine, Challenger, ikalipuka na wenzake saba wakafa. Mwaka 1990 alikuwa rubani wa safari iliyopeleka darubini ya Hubble. Akaja kuiongoza NASA yenyewe, 2009 hadi 2017.

Sharti la "shule ya marubani wa majaribio" linasikika la kitaalamu tu, lakini lilifanya kazi nyingine kimyakimya. Jeshi la anga la Marekani halikuanza kufundisha wanawake urubani hadi 1976, kwa hiyo kwa miaka yote ile hakuna mwanamke ambaye angetimiza sharti, na hakuna aliyelazimika kusema wanawake hawatakiwi. Eileen Collins aliingia mlango ulipofunguliwa, akawa rubani wa Shuttle 1995 na kamanda 1999. Kapteni Ed Dwight, mweusi, alipita mafunzo ya Edwards miaka ya sitini na hakuchaguliwa. Alifika anga za juu tarehe 19 Mei 2024, kwa dakika chache, akiwa na miaka 90. Na mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kule juu wala hakuwa Mmarekani. Ni Arnaldo Tamayo Méndez, rubani wa MiG kutoka Kuba, aliyepanda na Wasovieti Septemba 1980.

Je, siku hizi ambapo kompyuta zinaunganisha vyombo zenyewe, njia ya jeshi imekufa? Watu wanne waliotangazwa Aprili 2023 kuuzunguka mwezi kwenye safari ya Artemis II, watatu ni marubani wa jeshi: Reid Wiseman, Victor Glover na Mkanada Jeremy Hansen. Na tarehe 6 Juni 2024 chombo cha Starliner kilipokuwa kinakikaribia kituo cha kimataifa na vijiroketi vyake vikaanza kuzimika kimoja kimoja, Butch Wilmore, kapteni wa jeshi la majini na rubani wa majaribio, alishika vidhibiti kwa mkono huku mafundi wa Houston wakivifufua. Yeye na Sunita Williams, aliyerusha helikopta za jeshi hilohilo, walikwenda kwa siku kama nane wakarudi baada ya 286.

Masharti yenyewe ya NASA leo ni shahada ya uzamili ya sayansi au uhandisi, au shule ya majaribio badala yake, uzoefu wa miaka mitatu, au kwa rubani saa 1,000 akiwa ndiye mwenye dhamana ya ndege, nyingi kati yake kwenye jeti, afya, na uraia wa Marekani. Kundi lililotangazwa Septemba 2025 lilipata waombaji zaidi ya 8,000, wakachaguliwa 10. Mwanajeshi akichaguliwa haachi jeshi. Anaazimwa, na mshahara unafuata cheo chake.

Lile neno uraia nililitaja mwisho makusudi, na pale barazani pia lilikuja mwisho. Mpwa wangu akanyamaza akimenya punje moja ya haragwe isiyohitaji kumenywa. Kwa nchi isiyo na roketi, rubani hajichagui; anachaguliwa na makubaliano ya serikali. India ilimpeleka Rakesh Sharma, rubani wa jeshi la anga, na Wasovieti mwaka 1984, na mwenzake wa jeshi hilohilo, Shubhanshu Shukla, hakumfuata hadi 2025. Falme za Kiarabu zilianzisha taasisi yao ya anga za juu 2006, zikaita waombaji, wakaja zaidi ya 4,000, na Hazza Al Mansouri, rubani wa F-16, akaruka Septemba 2019. Miaka 13 ya vikao, bajeti na mikataba kwa siku nane angani. Mfaransa Patrick Baudry, rubani wa majaribio wa jeshi la anga aliyepanda Shuttle ya Discovery mwaka 1985, alizaliwa Douala, Kameruni. Pasi ya kusafiria ndiyo iliyoamua.

"Kwa hiyo Monduli nisiende?"

Nikamwambia Monduli ni uamuzi wake na wa mama yake, mimi nimo kwenye maharage tu. Ila Jumamosi nilikuwa na gari la kupeleka gereji, nikamchukua. Mzee alimtazama, akamkabidhi kalamu na kipande cha boksi, akamwambia akae mbele. Waliporudi kutoka Kisongo boksi lilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: "70 mlio, kushoto nyuma." Mzee alikuwa ameukata, na chini yake, kwa mwandiko wa kijana, imeandikwa: "70 mlio, kushoto nyuma, mara 3 kati ya 4. Kwenye lami tu."